Vita vya Abushiri katika chumba kimoja: Bagamoyo ioneshe mashujaa au ioneshe ugomvi wote?

Vita vilivyowaka Mrima, pwani ya bara inayotazamana na Unguja, kuanzia Agosti 1888 vina majina yasiyopungua matatu, na kila jina lina onesho lake. Wajerumani waliviita uasi wa Waarabu. Wengi wetu tumevisoma shuleni kama vita vya Abushiri. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa upande wa Tanga aliyetunga kumbukumbu zikiwa bado mbichi, unajulikana kama utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Katika jina la kwanza mkosaji ni Mwarabu. La pili lina mtu mmoja tu. La tatu linamtaja aliyekuja, Mdachi yaani Mjerumani, na alichokuja kufanya, kutamalaki yaani kutawala. Anayepanga chumba cha historia hiyo Bagamoyo lazima achague kabla hajapigilia msumari wa kwanza, maana kibao cha mlangoni husomwa na karibu kila mtu, na vingine vyote husomwa kwa macho ya hicho.

Mambo yenyewe kwa ufupi. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Unguja alitia saini mkataba ulioipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na ushuru wa forodha wa pwani kwa miaka 50. Agosti mawakala wa kampuni walianza kupandisha bendera yao mijini. Pangani, kiburi cha wakala wa kampuni, Emil von Zelewski, kiliwasha moto. Septemba mapigano yalifika Bagamoyo, manowari ya Kijerumani ikashusha askari ufukweni. Januari 1889 bunge la Ujerumani lilitoa marki milioni 2, kwa maelezo kwamba fedha hizo ni za kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Kamanda wa Kijerumani Hermann Wissmann akaja na askari wa Kisudani walioajiriwa Misri pamoja na wengine kutoka Msumbiji. Tarehe 8 Mei 1889 alivunja boma la kiongozi wa vita, Abushiri bin Salim al-Harthi, karibu na Bagamoyo. Abushiri alikimbilia bara, akasalitiwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani aliendelea kupigana hadi 1890.

Wanaotaka onesho la mashujaa wana hoja nzito. Kwa miongo mingi aliyeandika, aliyepiga picha na aliyejenga minara alikuwa mkoloni. Wissmann alisimamishiwa sanamu Dar es Salaam mwaka 1909. Waingereza waliiondoa, ikaishia Hamburg, na wanafunzi wa huko ndio walioiangusha miaka ya 1960. Bagamoyo yenyewe, karibu na bahari, Wajerumani waliokufa wana makaburi yao, kila mtu na lake. Waliotiwa kitanzi wanakumbukwa kwa pamoja, kwenye mnara mdogo. Mizani iliyoinama hivyo hainyooki kwa kuweka uzito sawa pande zote mbili. Tena mgeni mkuu wa makumbusho ya wilayani ni mtoto wa shule, ana dakika 40 kabla basi halijaondoka, na anahitaji simulizi lenye mgongo. Nyerere mwenyewe, alipozungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956, aliunganisha Majimaji na madai ya TANU: watu walipigana kwa sababu hawakuamini kwamba mgeni ana haki ya kuwatawala. Makumbusho yakikataa kuunganisha hivyo, yanamwachia mtoto vipande.

Upande wa pili nao una yake, na hayo ndiyo huachwa nje ya vibao. Abushiri alikuwa na shamba la miwa Pangani, na mashamba ya miwa ya Pangani yalilimwa na watumwa. Waliojaa barabarani mwaka 1888 hawakuwa watu wake peke yao: walikuwamo majumbe (wakuu wa miji) wa Mrima, Wazigua, Wabondei, wapagazi wa Kinyamwezi waliofika na misafara, na watu wa mashambani waliokuwa na madai yao wenyewe. Mwisho wa vita Abushiri alishirikiana na wapiganaji wa bara walioteka vijiji vya nyuma ya pwani, na jambo hilo lilimpunguzia marafiki. Misheni ya Roho Mtakatifu, iliyokuwapo Bagamoyo tangu 1868, ilihifadhi wakimbizi wengi, na Abushiri hakuishambulia. Lakini misheni ya Pugu ilishambuliwa Januari 1889 na wamisionari wakauawa. Chumba kinachosema tu kwamba wananchi waliungana dhidi ya mkoloni kinamfuta mtumwa wa Pangani mara ya pili. Na Bagamoyo si mji mtupu. Wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa wanaswali msikiti mmoja, na mwenye kovu usidhani kapoa.

Kwa maoni yetu, hoja ya pili ndiyo yenye nguvu, kwa sharti moja: ugumu wa historia usigeuzwe mlango wa kumrudisha Wissmann kama mkombozi wa watumwa. Hatari hiyo ipo, kwa sababu hoja ya utumwa ndiyo iliyotumika bungeni Berlin kuombea fedha za vita. Inazibwa na ukweli mmoja ambao ungepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa: Wajerumani hawakufuta utumwa katika koloni lao. Amri yao ya mwaka 1904 iliwapa uhuru watoto watakaozaliwa baada ya 1905, basi. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria na Waingereza mwaka 1922. Hapo mgeni anaweza kushika mambo mawili pamoja: kwamba kiongozi wa vita alitoka katika tabaka la wamiliki, na kwamba aliyemnyonga hakuja kumfungua mtumwa.

Tazama jinsi jambo hili linavyofanya kazi kwenye kitu kimoja, mnyororo wa shingoni. Ndicho kitu kinachotazamwa zaidi katika makumbusho yoyote ya pwani, na kibao chake cha kawaida husema: "Minyororo iliyotumika wakati wa utumwa." Maneno matano, na mgeni anatoka akiwa na picha ya Mwarabu peke yake. Lakini serikali ya Kijerumani nayo ilifunga wafungwa kwa minyororo ya shingoni na kuwafanyisha kazi. Chuma ni kilekile. Pasipo kumbukumbu ya mahali kilipopatikana, hakuna awezaye kusema kwa kukitazama tu kimemfunga nani. Kibao cha haki kingesomeka hivi: "Mnyororo wa shingoni, chuma. Minyororo ya namna hii ilifunga watu waliouzwa katika misafara ya bara. Baada ya 1889 serikali ya Wajerumani ilifunga hivyohivyo wafungwa wake. Haijathibitishwa huu ulitumika wapi." Kinaeleweka na mtoto wa darasa la tano, na hakimdanganyi mtu.

Maneno 60 ndiyo kiwango kizuri kwa kibao cha kitu kimoja. Bango la ukutani lisizidi 150. Kosa linalorudiwa ni kuandika Kiingereza kwanza. Tafsiri ya Kiswahili ikija inachukua nafasi kubwa zaidi, fundi wa uchapaji anapunguza herufi ili ienee, na Mswahili anasoma kwa kukunja uso maandishi yaliyoandikwa nchini kwake. Dawa ni kuandika Kiswahili kwanza, kuhesabu, kisha kukitafsiri kwa Kiingereza. Herufi za kibao zisiwe chini ya pointi 24. Katikati ya bango iwe kama sentimita 140 kutoka sakafuni, na pale wanapotegemewa watoto, 120.

Kuna mtego mwingine ulio ndani ya lugha yetu yenyewe, kauli ya kutendwa. "Walikamatwa, wakahukumiwa, wakanyongwa" ni sentensi safi isiyo na mtendaji hata mmoja. Ukiandika "Jeshi la Wissmann lilimnyonga", mgeni anajua nani aliyetenda. Hali kadhalika neno "wananchi": mwaka 1888 lilimhusu nani? Afadhali kutaja mpagazi, jumbe, mtumwa wa shamba, mwenye jahazi.

Ukubwa wa chumba nao unaamua historia ipi itasikika. Chumba cha mita 5 kwa 6 kina mita za mraba 30. Makabati ya vioo yakichukua theluthi, zinabaki 20, yaani watoto 20 wakiwa wamesimama kwa raha. Wakiingia 45, wa nyuma wanasikia sauti bila kuona kitu, wa mbele wanaegemea vioo, na muongoza wageni anakata maelezo. Anachokata kwanza ni mambo magumu. Shujaa na tarehe ndivyo hubaki. Makundi matatu ya 15 kwa zamu za dakika 13 hutatua tatizo: moja chumbani, moja uani na ramani ya misafara, moja ufukweni. Nusu ya ubishi kuhusu onesho la mashujaa ungeisha kwa ratiba tu.

Upepo wa bahari nao haungoji. Unyevunyevu wa hewa pwani hupita asilimia 75 kwa siku nyingi, na ukivuka 65 ukungu huanza kuota kwenye karatasi na ngozi. Chuma kinataka unyevu wa chini ya asilimia 40, na chenye chumvi chini zaidi ya hapo, wakati karatasi na mbao zinapendelea 45 hadi 55. Kwa hiyo mnyororo na barua visikae kabati moja, hata kama simulizi linaviweka pamoja. Mnyororo usipakwe rangi nyeusi ili upendeze: rangi hufunika chumvi, kutu inaendelea kula ndani, na siku moja ganda zima linadondoka. Nakala za barua na picha ziwekwe mbele, asili ibaki gizani. Mwanga wa karatasi usizidi laksi 50, na dirisha moja la kusini-mashariki linatoa mara nyingi zaidi ya hapo. Kuta za matumbawe zilizokandikwa kwa saruji badala ya chokaa hufungia maji ndani na kutema chumvi. Bango likibandikwa moja kwa moja linavimba. Liachwe nafasi ya sentimita 3 hadi 5 hewa ipite.

Picha za walionyongwa ndizo ngumu kuliko vyote. Zilipigwa na upande uliokuwa umeshika kamba, na nyingine zilisambazwa kama ukumbusho. Kuzificha ni kumfichia mkoloni uchafu wake. Kuzikuza ukutani ni kumning'iniza marehemu upya, mbele ya watoto ambao pengine ni wa ukoo wake. Njia inayofaa ni droo yenye kifuniko na onyo fupi juu yake, pamoja na maelezo ya nani alipiga picha na kwa nini. Atakayefungua atakuwa amekusudia. Ukutani, mahali pa picha, isikike sauti: beti chache za utenzi wa Hemedi zikighanwa kwa dakika moja na nusu, kwa spika ndogo yenye betri ili umeme ukikatika chumba kisinyamaze.

Mstari wa miaka uliochorwa ukutani, kutoka 1888 hadi Majimaji ya 1905, TANU ya 1954, Uhuru wa 1961 na shule ya sekondari ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliyokuwa hapahapa Bagamoyo, una faida yake, ila usichorwe kama mshale mmoja. Vijana wa FRELIMO walipigania nchi ambayo haikuwa imewahi kuwapo kama dola huru. Majumbe wa Mrima walitetea mpangilio uliokuwapo. Mistari miwili inayokutana na kuachana inasema kweli zaidi, na kuichora hakugharimu rangi ya ziada.

Lipo pia kosa dogo la kurekebisha mara moja. Mgeni anayeoneshwa mahali pa kunyongea Bagamoyo ni rahisi aondoke akiamini Abushiri alifia pale. Alifia Pangani. Sentensi moja kwenye kibao inatosha, na inafungua swali lenye thamani zaidi: basi hapa walinyongwa akina nani? Mwisho wa chumba pawe na meza na daftari lenye safu nne: jina la marehemu, anayesimulia, undugu wao, na mtu mwingine wa mtaa anayeijua habari hiyo. Mhifadhi alipitie kila mwisho wa mwezi, afuatilie yale yanayotajwa na zaidi ya familia moja. Na kalamu iliyofungwa pembeni iwe ya risasi, kwa sababu wino wa kawaida huchujuka ukipatwa na unyevu.