Kabla ya Kuuliza Mshahara wa Kanada, Uliza Msimu Wake

Mwezi uliopita dada yangu alimtuma mwanawe kwangu hapa Chuno, Mtwara, "akaongee na mjomba wake". Kwa sisi watu wa kusini, Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, maneno hayo yana uzito: kijana akitaka kuoa, kuuza mikorosho au kusafiri mbali, mjomba huulizwa kwanza, na mjomba akinuna safari huonekana ina mkosi hata kama nauli ipo. Kijana alifika baada ya swala ya Alasiri, akaniamkia, akaketi mkekani barazani na kunionyesha kwenye simu ujumbe wa wakala mmoja wa Dar es Salaam aliyemwahidi kazi ya ufundi umeme nchini Kanada kwa malipo ya shilingi milioni nane. Mshahara wa kila saa ulikuwa umeandikwa, na picha ya jengo la kuishi ilikuwepo. Nikamuuliza swali moja tu: unaanza kazi mwezi gani? Akajibu, "Wamesema Novemba, Mjomba. Kwani mwezi una tatizo gani?"

Ninayoandika hapa ni jibu nililompa, pamoja na mengine niliyokumbuka baada ya yeye kuondoka. Naona kwamba mtu anayehamia nchi ya baridi hawezi kuipima kazi yake kando na majira ya huko, kwa sababu baridi ndiyo inayoamua kazi ipi ipo, ipo miezi gani na inahitaji mtu wa namna gani. Sisi wa ukanda wa korosho tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo. Mwenye duka la bati Newala au Tandahimba hajazi ghala mwezi wa Aprili; anasubiri Oktoba, minada ifunguliwe na malipo ya stakabadhi ghalani yaanze kuwafikia wakulima, kisha auze mpaka Januari na aishi kwa akiba hadi msimu mwingine. Mtu huyohuyo akiambiwa Kanada analipwa kwa dola, anasahau kwamba nako kuna msimu.

Mimi niliishi Winnipeg, mji mkuu wa jimbo la Manitoba, kuanzia Agosti 2015 hadi katikati ya 2017. Mke wangu alikuwa amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili, nami nikapewa kibali cha kazi kama mwenza wake. Nilikuwa na cheti cha ufundi umeme na uzoefu wa miaka tisa, mwingi ukiwa wa ile miaka ya msisimko wa gesi, kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijakamilika, ambapo kila mwenye kiwanja Mtwara alikuwa anajenga nyumba ya wageni na fundi umeme alikuwa anatafutwa hata usiku. Niliondoka nikiamini kwamba umeme ni umeme.

Kuhusu baridi yenyewe, lugha yetu ilinidanganya kidogo. Shuleni tulifundishwa kuyaita majira ya baridi ya Wazungu kwa jina la kipupwe, na mtu wa Mtwara akisikia kipupwe anaona Julai, upepo wa kusi, alfajiri ya nyuzi 20 hivi na wavuvi wa Feri wamejitanda mashuka. Akipanda uwanda wa Newala anavaa sweta na kulalamika. Wastani wa Januari mjini Winnipeg ni kama nyuzi 16 chini ya sifuri, na usiku wa 30 chini ya sifuri haumshangazi mwenyeji. Idara ya hali ya hewa ya Kanada hutangaza pia baridi ya upepo, yaani jinsi ngozi inavyoipokea ile hewa inapovuma, na kipimo hicho kikiwa kati ya 28 na 39 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30, na dakika 10 ni muda wa kawaida wa kusubiri basi. Mimi nilikwenda na jinzi mbili na sweta la pamba. Pamba, ambayo kwetu ndiyo nguo inayomfaa mtu kwenye joto, huko hunywa jasho la mfanyakazi na kubaki na maji yake mgongoni, na akisimama kupumzika tu anaanza kutetemeka. Kinachofaa ni sufu, na nguo nyepesi kadhaa zilizopandana kuliko nguo moja nzito.

Asubuhi moja ya Desemba niliona kwenye maegesho ya jengo letu nguzo fupi zenye soketi, na waya umetoka puani mwa kila gari ukachomekwa kwenye nguzo. Kwa macho ya fundi nikadhani magari yote ya mtaa ule yanatumia umeme. Jirani akacheka, akanieleza kwamba ni ya petroli kama ya kwetu, ila injini imefungwa kipasha joto kinachofanya kazi usiku kucha ili oili isiwe nzito kiasi cha gari kukataa kuwaka asubuhi. Nilisimama pale nikiwaza kwamba mtu aliyeajiriwa mahali pasipo na basi atahitaji gari, gari litahitaji soketi, soketi itakuja na bili, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotajwa kwenye hesabu ya mshahara niliyoipiga nikiwa Mtwara.

Kazi ya umeme sikuipata. Katika Manitoba, ufundi umeme wa majengo ni kazi ya lazima kuwa na cheti: huruhusiwi kuifanya bila cheti kinachotambuliwa na jimbo au bila kusajiliwa kama mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi chini ya fundi, na uanagenzi wenyewe huchukua miaka minne hivi. Mwanzoni nilikasirika, nikaona ni njia ya kutubana wageni. Hasira ilipungua siku nilipofunguliwa boksi la swichi na mwanagenzi mmoja aliyekuwa na umri wa mdogo wangu wa mwisho. Katika nyumba za zamani za Mtwara zilizofungwa nyaya kwa mtindo wa Kiingereza, waya mweusi ni nyutro na wenye moto ni mwekundu. Kanada waya mweusi ndio wenye moto, na nyutro ni mweupe. Volti zao ni 120 kwa mizunguko 60 kila sekunde, zetu ni 230 kwa mizunguko 50. Mkono wangu uliozoea kuushika mweusi bila wasiwasi ungeweza kuniua, au kumuua mtu mwingine miaka mitano baadaye. Tangu hapo siwalaumu kwa kudai mtihani. Ninayemlaumu ni anayemwambia kijana wa kwetu kwamba cheti chake kitapokelewa kama kilivyo.

Nikawa kibarua wa ujenzi, wa kubeba, kuchimba na kufagia. Kazi ile huchangamka kuanzia Mei hadi Oktoba, kwa sababu ardhi ikiganda kuchimba msingi kunakuwa gharama nyingine kabisa. Mabomba ya maji ya mji ule hufukiwa zaidi ya mita mbili ili yasigande; nilipokuwa ndani ya mtaro mmoja nilikumbuka mabomba ya mtaani kwetu, ambayo mtoto akichezea jembe anayafikia. Mwaka 2016 Ramadhani iliangukia Juni, kipindi ambacho jua la Winnipeg huzama baada ya saa tatu na nusu usiku, na kufunga kulizidi saa 17. Kwetu mfungo hutofautiana kwa muda mfupi tu mwaka hadi mwaka, kwa sababu siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote za Mtwara zinapishana kwa saa moja na dakika chache. Huko majira yaleyale yanayoleta kazi ngumu ndiyo yanayorefusha mchana. Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja kabla ya kuondoka, na nasikitika kusema kwamba siku kadhaa nilishindwa nikalipa baadaye.

Saa zetu za Kiswahili nazo ziliharibika. Sisi husema saa moja asubuhi tukimaanisha jua limeshatoka, na saa kumi na mbili jioni tukimaanisha linazama. Desemba kule jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi na nusu. Nilikwenda kazini gizani na kurudi gizani. Mwili nao una hesabu yake, kwa sababu ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D polepole zaidi, na katika miezi ya baridi ya kaskazini jua halina nguvu ya kutosha. Huduma ya afya ya Uingereza huwashauri watu wenye asili ya Afrika wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini hiyo kila siku, mwaka mzima. Kuna pia huzuni inayowashika watu kila mwaka siku zinapofupika, ambayo madaktari huitambua kama ugonjwa. Nilidhani nimerogwa, mpaka mke wangu aliponilazimisha kwenda kliniki.

Sasa turudi Novemba, mwezi ambao wakala amemwahidi mpwa wangu. Novemba ndipo nilipoachishwa kazi, pamoja na vibarua wenzangu wengi, hadi majira ya kuchipua. Wenyeji hawakushtuka. Wana bima ya ajira, inayomlipa aliyeachishwa asilimia 55 ya kipato chake kwa kiwango kilichowekewa ukomo, mradi awe amefanya kazi saa za kutosha, ambazo hutakiwa kati ya 420 na 700 kutegemea hali ya ajira ya eneo lake. Ni akiba ya msimu, kama ile ya mkulima wa korosho, isipokuwa inatunzwa na serikali. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nimefika Agosti, hivyo sikuwa na saa hizo. Nikapata kazi ya kuondoa theluji kwa koleo: simu inalia saa nane usiku theluji ikianguka, na isipoanguka hakuna simu wala malipo. Nikajikuta naiombea theluji, mimi mtoto wa Mikindani. Fundi mgeni anayefika Novemba bila cheti cha jimbo na bila saa za bima anafika siku ambayo mnada umefungwa.

Kosa hili si la Waafrika peke yetu. Mwaka 1947 Waingereza waliuanza Mpango wa Karanga katika Tanganyika, Kongwa kwanza, kisha Urambo na Nachingwea, wakiwa na matrekta na fedha nyingi lakini bila kuujua vizuri udongo na mvua. Udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu kama tofali, mashine zikavunjika, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Sisi tulibaki na bandari ya Mtwara, na reli ya Nachingwea ambayo nayo iling'olewa baadaye. Wao walikuwa na serikali ya kubeba hasara. Mpwa wangu ana shamba la mama yake.

Sikumkataza kwenda. Nilichomwambia ni kwamba aangalie ni kazi gani baridi yenyewe inaiita. Hospitali, viwanda vya vyakula na maghala hufanya kazi mwaka mzima, na wazee huhitaji uangalizi zaidi njia zikijaa barafu; ila kwa Uingereza, tangu Julai 22, 2025, waombaji wapya kutoka nje hawapewi tena viza ya kazi ya kuhudumia wazee, na bado nasikia watu wanatozwa fedha kwa jina la viza hiyo. Kwa mtu wa umeme, njia ninayoiona nzuri ni ufundi wa friji na viyoyozi. Kiyoyozi kinachopooza ofisi za Mtwara huliondoa joto lililo ndani na kulitupa nje. Pampu ya joto inayopasha nyumba hufanya kinyume chake kwa mtambo wa namna ileile, na Norwei, Uswidi na Finlandi zinaongoza Ulaya kwa wingi wa pampu hizo ukilinganisha na idadi ya kaya. Cheti cha huko na lugha ya huko bado vitatakiwa, lakini atakuwa amejifunza kazi ambayo Novemba inaianzisha.

Kuhusu zile milioni nane, nilimweleza kwamba sheria ya Manitoba inakataza mfanyakazi mgeni kutozwa ada ya kutafutiwa kazi, na kwamba amuulize wakala swali hilo kwa maandishi. Alimuuliza palepale barazani. Jibu lilikuwa halijaja mpaka tunaswali Magharibi.

Kabla hajaondoka nilimtolea koti langu la Winnipeg, lililokaa kabatini na nondo wamelionja kwenye kola. Akalivaa juu ya fulana, akafunga zipu hadi kidevuni, akatembea mpaka langoni na kurudi, jasho likimtiririka. Akauliza kama chuo cha VETA kinafundisha mambo ya friji na ada yake ni kiasi gani. Nikamwambia aende kesho akaulize, na kwamba nusu ya ada nitatoa mimi, minada ikianza Oktoba.