Insha za "sisi... sisi...": tuwafundishe watoto kugeuza sentensi au tuwaache?

Jumamosi ilopita kwenye tuisheni yetu huku Ngamiani, Tanga, nilikuwa nasahihisha insha za Kidato cha Pili, mada safari ya Mapango ya Amboni, si mbali, kama kilomita 8 tu toka mjini. Mtoto mmoja kaandika: "Sisi tulikwenda Amboni. Sisi tulipanda daladala. Sisi tulifika. Sisi tuliona popo." Kosa la sarufi hapo hulioni, lakini kurasa mbili nzima za hivo zinachosha. Nikamuonesha mwalimu mwenzangu, akanambia muache, ameeleweka, hizo mbwembwe za kugeuzageuza sentensi zitamharibu. Tumebishana mpaka magharibi, na kiukweli baadhi ya hoja zake sijaweza kuzipangua.

Hoja yake kubwa ni "ambapo". Ukimwambia mtoto abadilishe sentensi bila kumuonesha namna, anaokota neno moja la kuungia na kulibandika kila mahali: "tulifika Amboni ambapo tulipokelewa ambapo mwongozaji alikuwa na tochi ambapo tuliingia". Walimu wenzangu hili mnalijua. Na sentensi ikirefuka upatanisho, yaani maneno kukubaliana na ngeli ya nomino, nao unaanguka, unakuta "mapango ambazo" badala ya "mapango ambayo", mtoto huyohuyo aliyekuwa haandiki kosa kwenye sentensi sahili sasa kila mstari una wino mwekundu.

Halafu akasema kurudia si dhambi. Hapo nimekubali kabisa. Bibi akihadithia ngano anasema "akaenda, akaenda, akaenda" na wewe uliyekaa mkekani unausikia urefu wa ile njia, ukimkata umwambie bibi badilisha neno umeiua hadithi. Takriri tunaifundisha wenyewe kwenye ushairi kama pambo, sasa kwenye insha tunaifuta kama uchafu, mtoto atuelewe vipi?

Ila mimi naona tunakosea pale mwanzo, tunapotafuta ugonjwa. Ile kanuni ya "usianze sentensi mbili kwa neno moja" nahisi tumeichukua kwenye Kiingereza, na kule ina maana kwa sababu "I" au "we" huwezi kuitupa, kitenzi hakisimami bila hiyo. Kiswahili mtendaji yumo ndani ya kitenzi, "tulikwenda" ishasema ni sisi. Kwahiyo yule mtoto hahitaji kutafutiwa mwanzo mpya wa kila sentensi, anahitaji kwanza aambiwe "sisi" futa. Fanya hivo tu, nusu ya mzigo umeshuka.

Baada ya hapo ndo unampa vyombo vya lugha yake mwenyewe, kimoja kimoja, hata kwa wiki. Wiki hii -po-: "tulipofika". Wiki ijayo -ki-: "tukamkuta anatusubiri" igeuze "tukamkuta akitusubiri", asikie tofauti. Halafu -ka- ya masimulizi, halafu -o- ya rejeshi, "popo tuliowaona", ambayo inampunguzia hizo "amba" zote. Na mpangilio wa maneno jamani, huu tunausahau sana: "popo wengi waliruka" na "waliruka popo wengi" si kitu kimoja, ya kwanza popo tushawajua, ya pili ndo wanatutokea sasa hivi. Mtoto wa Tanga anayajua haya yote mdomoni, msikilize akisimulia mechi, tatizo akishika kalamu anakuwa mtu mwingine. Ndo maana mi nawasomesha insha zao kwa sauti kabla sijasahihisha.

Sasa ugumu upo, siufichi. Mwalimu mwenye mikondo minne hawezi kusoma insha zote kwa sikio namna hii, ataangalia aya, tahajia, utangulizi na hitimisho, atatia alama. Na mtoto akishajua hivo anakariri mwanzo mmoja mzuri anautumia kwa mada zote. Kwahiyo nakubaliana na mwenzangu kwamba asiyeweza bado kulinda upatanisho kwenye sentensi fupi asisukumwe kwenye changamano, na asikatwe alama kwa sababu ya sentensi sahili. Lakini kumuacha moja kwa moja, hapana, hilo nakataa, maana tukimuacha Kidato cha Pili nani atamshika?

Yule mtoto nimemrudishia daftari, juzi kaja na hii: "Tulipoingia, giza. Mwongozaji akawasha tochi, akatutangulia, na huko juu wakaanza kuruka popo. Wenzetu wa mkondo B walikimbia nje. Sisi hatukukimbia."

Mwenzangu kaisoma akacheka kwa furaha, akaweka kidole pale mwisho, akasema mbona "sisi" moja imebaki. Nimemwambia mtoto hiyo asiifute.