Goma ni mawe matupu, lakini inverta bado iko na haja ya tere

Ukimuuliza fundi wa sola hapa Goma tere (njia ya usalama yenye inafunga vyombo vya umeme na ardhi) iko wapi, atakuonyesha chini: mawe ya volkano ya Nyiragongo. Chuma unaipiga nyundo, inaingia kidogo tu, kisha inapinda. Basi anakuambia acha, inverta (mashine yenye inageuza umeme wa betri kuwa wa nyumba) yenye transfo ndani haishikani na ardhi, haiwezi kukupiga.

Hasemi uongo. Kama hakuna waya ya inverta yenye imefungwa na ardhi, ukigusa moja umeme hauna njia ya kurudia, unasikia kamchomo kadogo tu. Kwa televizyo moja na waya fupi mimi sina ubishi. Tena kuna zile inverta za bei chini zenye hazina transfo ya kutenga betri na umeme wa nyumba: minasi ya betri ikiwa imefika ardhini, ukifunga nyutro (waya ya kurudisha umeme) nayo hapo, transista zinaungua palepale.

Shida ni pale inverta inalisha nyumba nzima. Faze (waya ya kuleta umeme) ikichubuka ikagusa mwili wa frigo hakuna kitu kinakatika, hakuna mtu anajua, na frigo inaendelea kupoza vizuri. Siku nyingine nyutro inagusa bati, mtoto ameshika frigo mkono huu na bati mkono ule, volti 220 zinapita kifuani. Na diferansieli (kikata-umeme cha kulinda watu) yenye ulilipa pesa haiamki, juu yenyewe inalinganisha tu umeme wenye unaenda na wenye unarudi, na hapa vyote viko sawa.

Watu wanafikiri tere ni ile chuma. Kazi kubwa inafanywa na waya ya kijani na njano, ile inatoka kwa frigo mpaka kwa inverta, na pale inafungwa na nyutro kabla ya diferansieli. Ikiwa hivyo, faze ikigusa frigo umeme unarudi kwa shaba, haupiti kwa mawe hata kidogo! Na diferansieli inahitajika kweli, juu inverta nyingi hazina nguvu ya kutoa ampea za kuangusha disjonktere ya kawaida (kikata-umeme chenye kinangoja ampea nyingi).

Sasa tuseme nyumba iko kwa umeme wa mtandao na inategemea tere yake yenyewe. Kanuni ya kimataifa inataka om za tere (kipimo cha vile ardhi inazuia umeme) ukizidisha na ampea zenye zinaamsha diferansieli zisipite volti 50. Kwa diferansieli ya ampea 0.03, gawa 50 kwa 0.03, unapata om 1,667. Rudia kusoma hiyo namba. Mtu anaacha kazi yote juu om zake hazishuki mpaka 10, na hapa hata om 400, tere mbaya kabisa, inapitisha karibu ampea 0.55. Disjonktere ya ampea 16 haisikii kitu, diferansieli inakata mara moja. Mwenye anajenga sasa alaze shaba tupu chini ya msingi mbele ya kumwaga beto, om zitashuka bila kupigana na mawe.

Umeme wa mtandao ukirudi, ule mfungo wa nyutro na tere lazima ujifungue. Inverta kubwa nyingi ziko na rele (swichi yenye inajigeuza yenyewe) ya kazi hiyo ndani. Na kitufe cha T cha kujaribu diferansieli kisikudanganye, kinakata hata bila tere. Washa inverta peke yake, pima volti kati ya nyutro na tere kwa prizi: karibu 0 ni sawa, ukiona makumi ya volti, haijafungwa.