Kusainiana funguo ana kwa ana: lawama inapiga pembeni

Wanaobeza vikao vya kusainiana funguo za PGP, ambako watu hukutana na kuthibitishiana kwamba ufunguo wa kusimba na kusaini ujumbe ni wa mwenye jina lililoandikwa humo, wana kisa wakipendacho. Mwaka 2006, kwenye mkutano wa Debian, mradi wa mfumo huria wa kompyuta, huko Mexico, msanidi mmoja alionyesha kitambulisho cha "jamhuri" isiyotambuliwa na nchi yoyote, na baadhi ya wenzake wakamsainia. Hoja ni nzito: nani kati yetu anajua pasipoti halali ya nchi ya mbali inafananaje?

Wengine hutaja 2019, pale funguo za wasanidi wawili kwenye seva za SKS (maghala ya umma ya funguo) ziliporundikiwa saini feki kwa makumi ya maelfu hadi GnuPG, programu inayotumia funguo hizo, ikawa inakwama. Hilo lilikuwa tatizo la ghala, tuliache.

Turudi kwenye pasipoti, maana kikao kilichoandaliwa vizuri hakisimami juu yake peke yake. Mwandaaji hukusanya funguo mapema na kutoa orodha moja. Kila mshiriki anaichapa mwenyewe kwenye karatasi na kukokotoa heshi yake, yaani msimbo mfupi unaobadilika orodha ikibadilika hata kidogo. Ukumbini heshi inasomwa kwa sauti. Ikitofautiana na yako hata herufi moja, orodha yako si yao. Kisha kila mtu anathibitisha kwamba alama ya ufunguo wake, herufi na tarakimu 40, imeandikwa sawasawa. Kompyuta hazifunguliwi. Safu mbili zinatazamana, vitambulisho vinakaguliwa, tiki zinawekwa. Kusaini ni baadaye, nyumbani, na wenye desturi nzuri huisimba saini kwa ufunguo uleule na kuituma kwenye barua pepe iliyotajwa humo. Asiye na ufunguo wa siri, ule pacha unaofungua kilichosimbwa, ataambulia patupu. Mwenye kitambulisho cha mashaka amepenya mlango mmoja tu, na hata huo ungefungwa kama watu wangethubutu kukataa kuweka tiki. Aibu ndiyo inayotuponza.

Agosti 2011 ilipogundulika kwamba kernel.org, tovuti inayohifadhi msimbo wa Linux, imevamiwa, wasanidi wa Linux hawakuwa na seva ya kuegemea. Oktoba walisainiana funguo Prague, uso kwa uso. Sijaona mbadala uliopendekezwa ambao ungewafaa siku ile.

Lawama ninayoikubali ni ya umbali. Kwa kawaida Debian hutaka ufunguo wa msanidi mpya uwe umesainiwa na wasanidi waliomo tayari, na anayeishi mahali wasikokuwepo analipia viza na nauli kwa shughuli ya dakika chache.