Foili ya wazee

Jamaa yangu mmoja wa Paje, pwani ya Zanzibar, aliona picha ya foili yangu mpya kubwa, lile pezi la chini ya ubao linaloninyanyua juu ya maji nikishika mwendo, akanitumia sauti ya WhatsApp ya sekunde saba, tatu kati ya hizo kicheko. "Kaka, hiyo si ni ya wazee?"

Nimeisikiliza mara nne na bado inaniuma. Huyu ni mtu ambaye akifungua dirisha, kusi inaingia mpaka jikoni. Kaskazi ikianza, inaingilia dirisha la pili. Mimi naishi Dodoma. Nikitaka maji mapana nina bwawa la Mtera, kwenye viboko, mamba na miti iliyokufa ikiwa imesimama majini, au nisafiri kilomita 240 hivi hadi Ziwa Singidani, Singida. Na nikifika Machi, kwenye maleleji, pepo zinapobadilishana zamu, napokewa na upepo wa kilomita 14 au 15 kwa saa, wa kukaushia kanga kambani. Halafu nitumie foili ndogo ya mtu wa Paje ili nisionekane mzee!

Niliwahi kuwasikiliza watu wa Paje. Foili yangu ya kwanza, ya sentimita za mraba 1,100, niliinunua kwa ushauri wa haohao. Safari tatu za Singida nilielea nayo kama gogo, mkononi bawa la kitambaa la kukingia upepo, watoto wanaochunga mbuzi wamejipanga kwenye mawe wakisubiri nipae. "Anko, imeharibika?" Haijaharibika, mwanangu.

Sasa nisikilizeni. Singida iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Paje kwa karibu asilimia 14, na jua la saa saba linaipunguzia uzito zaidi. Yaani upepo wa kasi ileile ukigonga bawa lilelile, unasukuma kwa nguvu pungufu kwa kiasi hicho. Bawa langu la mita za mraba 6 linafanya kazi ya bawa la 5 na kidogo. Nikilalamika naambiwa bado sijajua kulishika. Nimelishika vizuri! Hewa ndiyo haitoshi.

Lakini maji hayana habari na mwinuko. Maji ya Singidani ni mazito kama ya kwingine, tena yana chumvi. Kwa hiyo juu nimepunjwa, chini sijapunjwa, na foili iko chini. Nguvu yake ya kuinua inafuata eneo lake na kipeo cha pili cha mwendo: ukienda nusu ya mwendo, unahitaji eneo mara nne kubeba uzito uleule. Nilipotoka 1,100 kwenda 2,200, mwendo ninaouhitaji ili nipae ulishuka karibu asilimia 30. Kwangu mimi hapo ndipo anapoishia gogo na kuanzia ndege. Ninunue bawa kubwa zaidi? La mita 7 ncha zake zinakwaruza maji kila nikitaka kusimama, na mabega yangu ni ya mtu wa ofisini.

Foili yenyewe ni ya mtumba, imekuja na basi kutoka Dar. Konda aliigeuzageuza, akauliza, "Bosi, hili feni la wapi?" Kisha akanitoza nauli ya godoro. Tuyaache.

Jumamosi ile upepo ulikuwa wa kukatisha tamaa. Nikapiga magoti kwenye ubao, nikasimama, nikavuta bawa, nikapampu kwa miguu mara tatu, mara ya nne, na zile kelele za maji kupiga tumbo la ubao zikakatika ghafla. Kimya. Nikabaki nasikia mlingoti tu, ile nguzo inayounga foili na ubao, unavuma chini kwa sauti nyembamba kama nyuki ndani ya chupa. Kusema kweli nilikuwa nakwenda kwa mwendo wa baiskeli ya muuza maziwa. Lakini nilikuwa juu! Nilipiga ukelele, heroe waliokuwa ng'ambo wakaruka wote, na sioni aibu.

Haya, kugeuka ni taabu. Inageuka kama lori la mahindi. Saa nane upepo ulipopanda, ikaanza kunipanda kichwani: ikipata mwendo kidogo inataka kutoka majini, unalalia mguu wa mbele mpaka paja linatetemeka, na bado inapanda. Ncha moja ikachomoza, ikavuta hewa, nikaangukia sikio. Karibu na ufukwe, mlingoti wa sentimita 80 ukagonga tope, nikamwagika mbele ya ubao kama chura. Na kuitumia Paje mwezi wa Julai ni ujinga, hilo nampa jamaa yangu. Hilo tu.

Nilitoka majini nikichechemea. Watoto wakashuka kwenye mawe, mbuzi wameachwa wajichunge wenyewe. Mdogo kuliko wote akaigusa foili kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayepima uji.

"Anko, kumbe imepona."

Simu nilikuwa nimeiacha kwenye begi. Ningeirekodi sauti ile, sekunde mbili tu, niitume Paje.