Tiba ya macho inatufaa sisi watu wa stara

Niliposikia kuna tiba ya kiwewe ambayo mgonjwa anafuata vidole vya mtaalamu kwa macho, kushoto kulia, kushoto kulia, nilicheka. Nikasema hii ni ramli iliyovaa suti.

Lakini mwenye shida hachagui mlango. Basi letu lilipinduka usiku, kabla hatujafika Segera. Mimi nilitoka na mchubuko wa goti tu. Nyumbani wakaniambia, "Mshukuru Mungu, mwanangu, yasahau." Mungu nilimshukuru. Kusahau ndiko kulikonishinda. Miezi minane baadaye, nikinusa dizeli pale stendi, viganja vinalowa jasho na ninamwona tena konda, ameibana simu kwa meno, tochi inawaka, anavuta watu dirishani.

Tiba yenyewe hufupishwa EMDR, kutoka Kiingereza Eye Movement Desensitization and Reprocessing, yaani kupunguza makali ya kumbukumbu na kuichakata upya kwa mwendo wa macho. Aliyeianzisha ni mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro. Mwaka 1987 alikuwa akitembea bustanini, akagundua kuwa mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yanapungua makali kadiri macho yake yanavyokwenda huku na huku. Mwaka 1989 akachapisha utafiti wake wa kwanza. Wengi waliguna kama nilivyoguna mimi, ila kufikia 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka miongoni mwa tiba linazozipendekeza kwa wenye msongo wa baada ya kiwewe, wakubwa kwa watoto.

Siku yangu ya kwanza vidole sikuviona kabisa. Ilikuwa maswali, na kujifunza namna ya kujituliza nikizidiwa. Safari ya tatu ndipo mshauri aliposogeza kiti, akakaa ubavuni kidogo, akaniuliza: ukiishika ile picha, uchungu wake ni ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi? Nikasema tisa. Vidole viwili vikaanza kupita mbele ya uso wangu. Akasimama. "Vuta pumzi. Umepata nini?" Nikasema, tochi. "Haya, endelea na hiyo." Basi. Hakuniuliza tochi ya nani.

Hapo ndipo aliponipata. Sisi tumelelewa kusitiri. Ya ndani hayatoki nje, na anayelia mbele ya mgeni huonekana kaivua nyumba yao nguo. Ukimwambia mtu wa kwetu akae kitini asimulie jambo zima mwanzo mwisho, kesho harudi. Tiba hii haikulazimishi kusimulia kila kitu, wala haikupi kazi ya kuandika nyumbani. Kwangu hiyo ndiyo faida yake kubwa, kuliko hayo macho.

Maana macho yenyewe bado yana ubishi. Wako wataalamu wanaosema kinachoponya ni kule kulikabili jambo ukiwa mahali salama, vidole ni mapambo tu. Wengine wanasema akili ina nafasi finyu: ukishika picha huku unafuata kidole, viwili hivyo vinagombania nafasi na picha inafifia. Mimi naelekea kwa hawa wa pili. Jaribu kukariri namba ya simu uliyotajiwa sasa hivi huku konda anakudai nauli, utaona. Isitoshe, wapo wanaotumia kugonga magoti kwa zamu, au sauti sikio hili kisha lile, badala ya macho.

Ninachokipinga ni zile video za kitone kinachokimbia kwenye simu, eti jitibu mwenyewe. Kitone kitakufungulia mlango, halafu nani atakusaidia kuufunga saa nane ya usiku? Najua gharama ndiyo inayowapeleka watu huko, na wataalamu waliofunzwa ni wa kutafuta kwa tochi. Afadhali basi uanze na mshauri wa kawaida aliye karibu nawe kuliko kitone.

Mara ya mwisho kuulizwa, tisa yangu ilikuwa imeshuka hadi mbili. Mwezi uliopita nilipanda basi la Tanga, kiti cha dirishani, mchana kweupe. La usiku bado.