Modeli ya malaria darasani: inaposaidia na inapopotosha

Wahadhiri wa hisabati hawakubaliani kuhusu somo la modeli, yaani kueleza jambo halisi kwa milinganyo. Wapo wanaotaka mwanafunzi aanze na tatizo halisi, nadharia ifuate. Wengine wanaona kwamba hivyo anakimbilia kompyuta kabla hajaelewa mlinganyo unasema nini. Modeli ya malaria ya daktari Ronald Ross, iliyoendelezwa na mtaalamu wa malaria George Macdonald miaka ya 1950, inazipa hoja pande zote mbili.

Faida yake ni kubwa. Ili kukadiria uwezo wa mbu kueneza malaria, chukua idadi ya mbu kwa kila mtu, uzidishe kwa kipeo cha pili cha mara ambazo mbu mmoja huuma watu kwa siku. Ni kipeo cha pili kwa sababu lazima aume mara mbili: kwanza achukue vimelea, kisha avipandikize. Zidisha tena kwa p kwa kipeo cha n, ugawanye kwa −ln p (ln ni logi asilia). Hapa p ni uwezekano wa mbu kuimaliza siku akiwa hai, na n ni siku ambazo vimelea huchukua kukomaa mwilini mwake.

Tuseme n ni 10. Kama p ni 0.9, mbu 35 katika kila 100 huishi siku zote kumi. Ikishuka hadi 0.8, wanabaki 11. Ukikamilisha hesabu, uenezaji umepungua karibu mara saba, ilhali kuangamiza nusu ya viluwiluwi vya mbu kungeupunguza kwa nusu tu. Hapo ndipo ilipo nguvu ya chandarua chenye dawa: kinafupisha maisha ya mbu mzima. Hakuna mhadhara unaoweza kumwonyesha mwanafunzi jambo hilo vizuri kama kulikokotoa mwenyewe kwa kalamu.

Lakini wanaotilia shaka nao wana haki. Kosa la kwanza ni la vipimo. Mtu akibeba vimelea kwa siku 200, kasi ya kupona ni 0.005 kwa siku. Mwanafunzi akiandika 200, kompyuta hailalamiki. Inamchorea grafu safi kabisa. Kosa zito zaidi ni kudhani mbu wote wana tabia moja. Katika mradi wa utafiti wa malaria wa Garki, kaskazini mwa Nigeria, kati ya 1969 na 1976, nyumba zilipuliziwa propoxur, dawa ya kuua wadudu, na katika baadhi ya vijiji wakazi walipewa dawa za malaria kwa pamoja. Maambukizi yalipungua, hayakukatika. Mbu wengi walikuwa wakipumzika nje, mbali na kuta zilizopuliziwa.

Mimi naunga mkono kuanza na tatizo, kwa sharti moja: kompyuta isiwashwe kabla mwanafunzi hajaandika kipimo cha kila herufi, na hajabadilisha kila kigezo kwa asilimia 10 kuona kipi kinatikisa jibu. Kisha alinganishe jibu lake na takwimu za mahali pengine, ambazo hakuzitumia kuunda modeli. Jibu na takwimu vikipishana, naye akaeleza kwa nini, apewe alama zote.